Laptopu Alizozisugua Rispa

Rispa Nyarangi hakuwahi kuuza kitu kichafu maishani mwake. Kabla ya kompyuta alikuwa na kibanda cha viatu vya mitumba sokoni Oyugis, na kila kiatu alikisugua kwa mswaki mpaka alama ya mguu wa mwenyewe wa kwanza ikapotea kabisa. Mteja, alisema, hataki kujua nani alikivaa kabla yake. Kwa hiyo Shamima, mfanyabiashara kutoka Mombasa, alipomchukua kwenye duka lake la kompyuta za mitumba na kumfundisha kupiga window, yaani kuipa mashine programu kuu ya kuiendesha, Rispa alihamia huko na mswaki wake.

Na mswaki huo, bwana, ulitaka kumponza.

Shamima hauzi mashine yenye window ya kuiba. Anataka leseni iliyolipiwa tangu kiwandani, na kwenye kompyuta zote ambazo Rispa alikuwa ameshika mpaka wakati huo, namba ya leseni ilikuwa kwenye stika chini ya mashine. Sasa zikaja laptopu zilizoagizwa na chuo cha ufundi kule Kegonga. Shamima alikuwa na safari ya Migori, akamwambia Rispa, akimwita kwa jina la mwanawe:

"Mama Tony, zifute zote, uzipige window upya. Mwalimu Wangwe wa chuo anazifuata leo jioni. Isiyo na leseni haitoki hapa."

"Sawa, Mama Zubair. Enda tu, usijali."

Rispa akaanza na usafi. Akachukua spiriti, akasugua majina ya ofisi za ng'ambo zilikotoka, akasugua gundi, akasugua stika zote mpaka zikawa uji ndani ya beseni. Kisha akafuta diski. Mashine ya kwanza ilipomwomba namba ya leseni, aliipindua, akakuta plastiki inang'aa kama sahani.

"Yaye, mama!"

Aliona chuo kikienda kununua kwingine, na yeye akirudi kwenye viatu. Alimpigia Shamima; simu haikupatikana. Kwa kukosa la kufanya akabonyeza pale pa kusema sina namba, akaendelea, akaiunga mashine na intaneti ya simu yake, akakaa kuingoja aibu.

Alipofungua mahali pa leseni, maandishi yalisema ipo, na ni halali.

Rispa alifikicha macho. Akaenda kwa ya pili, ikasema hivyo hivyo. Ya tatu pia. Nusura akimbilie nje kuita watu.

Shamima aliporudi alimkuta bado amesimama, mikono kifuani. Rispa akamwambia yote, hata habari ya beseni. Shamima akacheka mpaka akakalia kreti.

"Hizi si kama zile za zamani, Mama Tony. Kiwanda kimeiandika leseni ndani ya bodi ya mashine yenyewe. Futa diski, bandua stika, ikishika mtandao inajitambulisha, na wenye window wanaijua."

"Hata nikiiosha yote?"

"Hata ukiiosha na Omo."

Shamima akaenda kumpigia mwalimu. Rispa akabaki na laptopu ya mwisho, akakumbuka habari ya kuzaliwa kwake. Nyumbani kwao Sori, dani yake, yaani nyanya yake, alikuwa akimsimulia jinsi alivyozaliwa: alilia, akakataa ziwa, wakamtajia majina ya wafu wa ukoo moja baada ya jingine, wajue amerithi lipi, naye akazidi kulia. Walipofika kwa Nyarangi, akanyamaza, akanyonya. Tangu aokoke, Rispa alikuwa akiicheka habari hiyo. Mtoto wa siku mbili, asiyejua lolote, atajuaje jina lake?

Akaiunga laptopu na mtandao, akaiinamia. Ikatulia kidogo, kisha, bila stika wala namba, ikasema leseni ipo.

"Nyarangi," Rispa akajiita kwa sauti ndogo, na machozi yakamtoka.