Kofia ya Makonyo

Nikianza kuisimulia habari hii, watu hunikatiza: "Ah, si kofia tu hiyo!" Anayeona kofia ni kofia tu, na aende zake akachume karafuu. Mimi nazungumza na waliowahi kukaa mwezi mzima wameinamia tundu dogo kuliko punje ya mtama, wanalizungushia uzi mpaka shingo inakataa kuinuka.

Kwetu Wawi, Pemba, miaka ile ya mwisho kabla ya uhuru, msichana akishakuwa mwari haonekani ovyo. Upande wa waume hawakuwa na njia ya kumjua ila kwa kazi ya mkono wake. Kwa hiyo ilikuwapo desturi. Nyumba yenye kijana wa kuoa ikiipenda nyumba yenye msichana, mwanamke mtu mzima huleta uzi. Uzi huo umezungushwa kichwa cha kijana na kufungwa fundo pale ncha zilipokutana. Neno la posa halitajwi. Husemwa tu, "Kipimo cha mtu hicho, mshoneeni kofia ya sikukuu." Kofia ikirudi imeshonwa, wazee wanaweza kuja kuzungumza. Uzi ukirudi mtupu, yamekwisha, na hakuna aliyeaibika.

Uzi wangu, au niliodhani ni wangu, uliletwa mwezi wa Shaabani na mama mkubwa, dada yake mama. Mama mkubwa ndiye aliyemlea mama yangu, na baba alipofariki ndiye aliyekuwa nguzo yetu. Akisema jambo nyumbani kwetu limekwisha. Alikuwa na binti mmoja, aliyenitangulia kidogo kwa umri, nami nilimwita dada. Dada alikuwa na sura, alikuwa na sauti ya kusoma maulidi, alikuwa na kila kitu ila subira ya sindano. Akishona kiua, tundu lake utadhani limetafunwa na mende.

"Kipimo cha ntu hicho," mama mkubwa alimwambia mama, mimi nikiwa palepale napeta mchele. "Nnataka nkono wa mwanao."

Mama aliupokea uzi. Akautazama kitambo, akamtazama dadaye, kisha akasema, "Haya." Mimi nilikwisha kuinamisha uso kwenye ungo, maana msichana mwenye adabu hatakiwi aonekane anafurahi.

Nani angenieleza vingine? Uzi umeletwa kwetu, na msichana wa nyumba ile ni mimi peke yangu. Hata mtoto wa chuo cha Kurani angefahamu.

Na mama akanifanya nizidi kufahamu. Ramadhani ilipoingia aliniondolea kutwanga. Kuchota maji akaenda mwenyewe. Wakati wa daku alinichemshia yai, akalisukuma upande wangu bila ya kusema kitu. Bafta nyeupe ya kushonea alikwenda mwenyewe kuichagua mjini Chake, akairudisha imekunjwa ndani ya kanga yake kama mtu aliyebeba mtoto. Mwari wa nyumba gani anafanyiwa hayo bure? Nilipokuwa peke yangu nikauvaa ule uzi kichwani. Ukanishukia mpaka kwenye nyusi. Nikasema moyoni, ana kichwa kikubwa, huyu atakuwa na akili au atakuwa mbishi. Nilikuwa radhi kwa yote mawili.

Wenzangu walichora nyota, walichora maua, walichora karafuu yenyewe. Mimi nilichora makonyo, vile vijiti vinavyobaki ukishachambua karafuu. Msimu mzima vinatupita mikononi na hakuna anayevitazama. Nilivichora kwa penseli vikipandana ukanda mzima wa kofia, kila ncha ya kijiti na kiua chake. Mama alipouona mchoro alisema, "Hayo nani atayataka?" Lakini nilipomaliza upande mmoja alikaa karibu yangu akaupitisha kidole.

Dada alikuwa akija alasiri, funga ikiwa imetuchosha sote. Anajilaza ubavu kwenye mkeka karibu na mimi, anauliza. Hapa unaanzaje? Tundu unalitoboa kabla au baada? Uzi ukikatika unaufichaje? Nilifurahi kuulizwa, nikamweleza kila kitu, nikadhani sasa ameamua kujifunza. Sikujiuliza mbona haombi sindano.

Kofia ilipokwisha niliifua, nikaitia kanji ya muhogo, nikaivisha kitako cha bakuli ikauke na umbo lake. Mama mkubwa alikuja kuichukua ikiwa imefunikwa kitambaa. Akaifunua, akaigeuza ndani kutazama mafundo, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu." Nikambusu mkono.

Asubuhi ya Idi wanaume walikuwa wanarudi kutoka kuswali. Nilisimama nyuma ya ua wetu wa makuti, mahali palipokuwa na upenyo, pamoja na jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye maneno mengi lakini hana ubaya. Makundi yakapita. Kofia nyeupe tupu, zote zinafanana kwa asiyejua. Ya kwangu niliijua kabla hata haijakaribia. Ilimkaa barabara. Alikuwa kijana mrefu, anacheka na wenzake, na kila akigeuka makonyo yangu yanageuka naye. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile tena.

"Umemuona yule?" jirani akaniambia. "Ndo mchumba wa dadayo. Wamepeleka posa juzi. Na kofia ile kashona yeye mwenyewe, mwana wa mama yako mkubwa! Nani angedhani ana nkono kama ule?"

Nilimwambia, "Kweli, ana mkono." Sauti ilitoka sawasawa, mpaka leo nashangaa ilitokea wapi. Kisha nikaingia jikoni, nikakaa juu ya kibao cha mbuzi na ile nguo mpya ya sikukuu, na nazi hakuna.

Miaka ile watu walikuwa wanagombana kwa ajili ya vyama. Ndugu hawazikani, visimani wanawake hawasalimiani. Nyumba yetu ilipita salama katika hayo yote, na mama alikuwa akimshukuru Mungu kwa hilo mbele za watu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu hakikuwa nguoni tu, kilikuwa kimekaa nami mkeka mmoja kinaniuliza uzi unafichwaje.

Wageni wa sikukuu walipoondoka nilimwuliza mama. Sikulia. Nilimwuliza kama mtu anayeuliza bei ya dagaa.

"Uzi ule ulikuwa wa nani?"

Mama alikuwa anakusanya vikombe. Hakuviacha. "Ulipelekwa kwa mama yako mkubwa," akasema. "Kwa ajili ya dadayo. Ye hawezi kushona, wajua."

"Na wewe ulijua?"

"Nani kakwambia ni wako? Mimi nlisema ni wako?"

Hapo ndipo nilipoumia hasa, kwa sababu ilikuwa kweli. Hakusema. Mama yangu, aliyenifundisha kwamba uongo ni haramu hata kwa mtoto wa paka, alinidanganya mwezi mtukufu mzima bila ya kutamka neno moja la uongo. Alinidanganya kwa mayai. Alinidanganya kwa ndoo za maji.

Aliponiona nimesimama tu, sauti ikamlegea. "Yule ni mkubwa wako, mkubwa hapitwi. Na weye una nkono, mwanangu, utaolewa tu. Yule ana nini? Mama yako mkubwa kaniomba, nami nimuambie sitaki? Aliyenilea?"

Basi nilipata kuujua ukubwa wa kosa langu: kosa langu lilikuwa kujua kushona. Ningeshona viua vya mende kama dada, ningeachwa nilale mchana kama wengine.

Mama mkubwa alikuja kesho yake, amevaa kanga mpya, akanikuta nafagia. Nadhani mama alimwambia. Hakukaa. "Usitie moyoni," akasema. "Ndo riziki. Mpewa hapokonyeki." Methali hiyo tangu nizaliwe nimeisikia ikisemwa na aliyepokonywa, kujiliwaza. Siku ile ndiyo nilimsikia mpokonyaji akiisema.

Dada alichelewa kuja, na alipokuja alikuja na tende kwenye kikapu kidogo. Alikaa mlangoni, hakuthubutu mkeka. "Mbona umenikasirikia?" aliniuliza, na naapa alikuwa anashangaa. "Mama yako kanambia weye mwenyewe umenipa, zawadi ya harusi. Nami nkafurahi, nkasema kumbe mdogo wangu anipenda hivi."

Nilimtazama nikaona hasemi uongo. Kumbe mimi nilitoa zawadi. Watu wazima wawili walikaa wakanitolea zawadi yangu, wakapokea na shukrani kwa niaba yangu. Nilichukua tende moja nikala, kwa sababu dada alikuwa karibu kulia na hakuwa na kosa la kumliza.

Harusi nilikwenda. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Mama alikuwa ananitazama kila mara kutoka upande wa pili, nami kila mara nilikuwa natazama pengine. Nyumbani tulikuwa tunasemezana vizuri: chumvi iko wapi, kuku wameingia, shikamoo, marahaba. Mtu wa nje asingejua.

Msimu wa karafuu ukaja ukaisha. Siku moja mama aliingia chumbani amejifunga vizuri, uso umemng'ara. Akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo hakulifanya tangu Idi ile. Akaniambia wako watu wamekuja kutoka Kengeja, wanawake wawili wa heshima, wako barazani, wameuliza habari zangu.

Nilimtazama usoni. Uso wa mama nilikuwa naujua toka ninyonye. Akiwa na njaa najua, akiwa na deni najua, akiwa amemkumbuka baba najua. Siku ile nikautazama wote, nikaona siwezi kuusoma.

"Na hawa," nikamwuliza, "wamekuja kwa ajili yangu au ya nani?"

Mama akaanza kuapa. Aliapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi la baba, wallahi ni kwa ajili yako mwanangu, wallahi. Maisha yake yote hakuwahi kuniapia kitu, kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Nilitaka sana kumwamini. Nilimwambia awalete hao wanawake mpaka mlangoni, waseme wenyewe, nisikie kwa masikio yangu. Msichana wa Pemba hakuwa na ruhusa ya kusema neno kama lile, na mama angeweza kunipiga. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akaenda kuwaita.