Mkono wa Profesa kwenye Vichupa

Mke wangu ni fundi wa maabara, na mtaani wamempa jina la Mama Glavu. Mwanzoni nilicheka. RNA, hicho kitu anachohangaika nacho kazini, huharibiwa hata na jasho la kidole, basi mama yangu mzazi akija kututembelea, mwenzangu humkagua mikono kwanza, ndipo amwamkie. Aibu ninayoipata naijua mwenyewe.

Mwaka huu mkataba wake ulikuwa unakwisha Ijumaa fulani, na wa kuusaini ni profesa wake. Profesa naye alikuwa na swali lililomkosesha raha. Nilivyoelezwa mezani ni hivi: ndani ya mwili mna viwanda vidogo sana vya kutengeneza protini, ribosomu, na sehemu kubwa ya mitambo yake ni RNA. Halafu kuna RNA nyingine, fupi fupi, ambazo kazi yake ni kuyazima maagizo yanayopelekwa kiwandani. Sasa profesa anauliza, je, hizo fupi zinaweza kukigeukia kiwanda chenyewe?

Jumatatu akapata jibu. Kwenye vichupa visivyotiwa RNA fupi, mistari miwili ya RNA ya kiwanda, dalili kwamba ni nzima, iling'aa vizuri kwenye picha ya kipimo. Kwenye vilivyotiwa, ulibaki ukungu mtupu. Profesa alikumbatia kila mtu mpaka mlinzi wa getini, akatangaza kwamba Ijumaa hiyo hiyo atawaonyesha wakubwa wa chuo.

Mke wangu akarudi nyumbani amenuna. Alikuwa amemwona kwa macho yake: kundi la kwanza la vichupa profesa alilishika na glavu, simu ikaita, akavua, akaongea weee, kisha akalimalizia kundi la pili, lile lililotiwa RNA fupi, mikono mitupu. Nikamwambia funika kombe mwanaharamu apite, asaini kwanza, mengine baadaye. Niliogopa, sifichi, kazi yangu mimi ni ya leo ipo kesho haipo. Akanijibu mficha uchi hazai, akanipa mgongo.

Jumatano asubuhi alimwambia profesa wake, wanafunzi wote wanasikia.

"Samahani, Profesa. Hiyo RNA haikuzimwa na kitu. Umeiua kwa vidole vyako."

Anasema profesa alivitazama viganja vyake, akaomba glavu. Walirudia jaribio siku mbili kutwa. Safari hii mistari ilibaki kila mahali, ila mmoja, kwenye vilivyotiwa RNA fupi, ulififia kidogo, wa kubishaniwa tu. Labda ndiyo, labda siyo. Wakubwa wakaambiwa warudi mwakani.

Mimi nilishakata tamaa. Ijumaa jioni mke wangu akaniwekea mkataba mezani: miaka mitatu, umesainiwa. Kwenye nafasi ya sababu profesa ameandika, "Huyu anaviogopa vidole vyangu kuliko anavyoniogopa mimi."

Niliisoma mara mbili, na haya zikanishika, maana mimi ndiye niliyemwambia anyamaze.