Toeni Hiyo Picha ya Wairimu

Nyinyi vijana wa kamati ya mazishi, toeni hiyo picha! Nani aliwaambia mumweke Wairimu hapa kwa grupu na sweta imetoboka kiwiko, ameshika jembe, ati watu wamhurumie? Huyo hakuwa mtu wa kuhurumiwa.

Mimi hata haijaniingia kwamba ameenda. Jumapili tulikaa benchi moja kanisani, ananifinya nisisinzie.

Kama hujui, soma. Kijiji chetu hapa karibu na Gatitu, mama zetu walirundikwa na wazungu wakati wa Emajensi, ile vita ya Mau Mau. Uhuru ukakuja, wenzetu wenye mashamba wakarudi kwao. Sisi bila shamba tukabaki. Halafu siku moja karatasi ikabandikwa kwa milango: tuhame, nyumba zinabomolewa.

Nilianza kufunga sufuria. Wairimu akaniuliza, "Wewe, unaenda wapi? Katiba imesema hata sisi tuko na haki ya nyumba."

Nikamwambia Katiba haijui jina langu.

"Basi twende tukaitajie."

Aliacha shule darasa la tatu kama mimi. Lakini Katiba yake ya Kiswahili ilikaa ndani ya kiondo pamoja na vitunguu, kurasa zinanuka.

Tulienda korti ya Nyeri wanawake kumi na wawili. Vitambaa kichwani, nguo za Jumapili. Kwetu hauendi mbele ya watu ukiwa na tope.

Loya wa wale walitaka kutubomolea akatucheka. "Mheshimiwa, hawa ndio wanasema ni maskini. Hebu watazame!"

Nikajua tumekwisha. Wairimu akasimama hata hajaitwa.

"Mheshimiwa, viatu hivi nimevaa ni vya Njoki, yule pale nyuma. Muulize yeye amevaa nini."

Njoki ni mimi. Nilikuwa na malapa! Nilitaka kuingia chini ya benchi.

"Na hii koti ni ya mke wa pasta. Tumeazimana ndio tukuheshimu. Ama haki inapewa matambara peke yake?"

Jaji hakucheka. Alisema hakuna nyumba itaguswa mpaka kesi iishe.

Nje nikamgombeza: "Umeniaibisha mbele ya serikali!"

"Nyamaza, Njoki. Hayo malapa yamekuokolea nyumba."

Wairimu, ulikuwa mkaidi, na viatu vyangu haukurudisha. Kaa navyo. Nimeshasema uzikwe navyo. Lala, rafiki yangu. Nyumba yako bado imesimama.

Sasa nyinyi. Wekeni ile picha ya kortini, ile ako na koti. Alhamisi kesi inasikizwa, na yeye hayuko wa kusimama. Mje wote, mapema. Pigeni nguo pasi.