Moshi wa Buluu Siku ya Nasra

Mwinshehe wa Kinole ana mdomo, na hilo halina mjadala. Miaka yote aliyoshusha ndizi na mananasi mjini Morogoro kwa pikapu yake ya dizeli, amewatangazia watu kwamba hakuna mwali wa ukoo wake atakayeondoka mlimani kwa gari la kukodi, maadamu yeye bado anapumua. Na kwa Waluguru, mjomba akishasema, amesema. Kwa hiyo siku alipoolewa Nasra, binti wa marehemu dada yake Raya, Kinole nzima ilijua ni gari gani litakalompeleka kwa mumewe mjini.

Ndoa ikafungwa asubuhi, pilau likaliwa, vigelegele vikapaa mpaka mashamba ya iliki. Mwinshehe, kanzu imenyooka, kofia kaiweka upande kidogo kama kijana, akaingia garini na kuwasha. Lo! Nyuma ya gari likafumka wingu zito la moshi, buluu imechanganyika na weusi, likawafunika akina mama pamoja na masufuria yao. Akakanyaga mafuta. Gari likakoroma kinyonge, moshi ukazidi.

Hapo kila mtu akawa fundi. Huyu anasema moshi mweusi ni dizeli isiyoungua vizuri, yule anaapa kwamba ungekuwa mweupe ndipo wangelia. Hamza, binamu wa Mwinshehe aliyewahi kuuza spea Dar, akawanyamazisha wote.

"Kaka, buluu ni oili. Turbo imekufa hiyo. Ukishuka nalo, injini itaanza kunywa oili yake yenyewe, itanguruma hata ukizima ufunguo. Kwa kona zile za kwetu, na bibi harusi ndani?"

Mjumbe wa wakwe alikuwa ameshatoa simu, anauliza kwa adabu kama waitiwe gari kutoka mjini. Adabu ile ilimchoma Mwinshehe kuliko tusi. Lakini je, ampakie mtoto wa watu kwenye gari la kifo kwa sababu ya maneno yake mwenyewe?

"Pisheni! Pisheni nimwone marehemu!"

Sauti hiyo ilikuwa ya Stefano, fundi wake wa dizeli kutoka mjini, Mnyamwezi wa Tabora, aliyekuja kula harusi akiwa amevaa suti. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukusema mbele ya wakwe zako, hata msibani kwako, nawe huna haki ya kununa.

"Mtani, mimi nimekuja na koleo," Stefano akasema. "Tuzike leo leo, pilau likiwa la moto."

Watu wakaangua kicheko. Mwinshehe hakucheka.

"Stefano," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. "Leo utani tuuweke kando. Humu anakaa mtoto wa Raya. Niambie kweli."

Kicheko cha Stefano kikakatika. Akavua koti, akalitundika kwenye mgomba. Akaacha injini ipoe, akafungua mpira unaopeleka hewa kwenye turbo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa, akaingiza vidole na kuitikisa feni iliyomo ndani: juu, chini, mbele, nyuma.

"Njoo ushike mwenyewe."

Mwinshehe akapandisha mkono wa kanzu, akashika. Feni ilizunguka laini, haigongi popote, ila ilikuwa imelowa oili.

"Ingekuwa imekufa, ingecheza kama jino la mzee na kusugua ukuta wake," Stefano akasema. "Turbo yako nzima!"

"Sasa oili inatoka wapi?"

Stefano akanyoosha kidole kwenye lile bomba refu la kuvutia hewa lililopanda ubavuni mwa kioo. Mdomoni mwake palikuwa pamefungwa kanga kuukuu, imekunjwa mara mbili. Mwinshehe aliifunga mwenyewe, kuzuia vumbi la kiangazi. Hivyo ndivyo alivyowaambia watu. Ambacho hakumwambia mtu ni kwamba kanga ile ilikuwa ya Raya, na aliiweka pale dada yake alipofariki, ili aendelee kupanda na kushuka naye. Jana yake aliliosha gari kwa ajili ya harusi. Vumbi la miezi likageuka tope, na tope likakauka kama tofali.

"Gari linatafuta hewa, halipati. Linavuta kwa nguvu mpaka linanyonya oili ya turbo," Stefano akasema. "Si nilikwambia mwaka jana? Nikasema umeliziba pua kama maiti, unanisubiri nije kuzika?"

Alimwambia kweli. Na Mwinshehe alicheka mpaka machozi, akaipandisha hadithi ile Kinole na kuwachekesha wengine. Hakupata kufikiri kwamba mtani naye huwa fundi.

Akaifungua kanga. Stefano akaikung'uta ea klina, lile chujio la hewa, akarudisha mpira, akapiga kelele, "Washa!"

Moshi ukatoka tena, wa buluu ile ile. Ukapungua. Ukawa uzi. Kisha ukakatika kabisa, na mluzi mwembamba wa turbo, aliokuwa hajausikia kwa miezi, ukapanda kila alipokanyaga mafuta. Mwinshehe akapiga honi kama mwendawazimu. Vigelegele vikaanza upya, Hamza akashangilia kuliko wote, na Stefano akarukia nyuma pamoja na masanduku ya bibi harusi.

Nasra akaletwa, akapanda mbele. Mwinshehe akataka kuisukuma ile kanga chafu chini ya kiti, lakini binti alishaiona.

"Mjomba, hii si ya mama?"

Akaitikia kwa kichwa tu.

Nasra akaichukua na tope lake lote, akaikunja taratibu, akaiweka mapajani juu ya nguo zake za harusi.

"Huko nje ameshakula vumbi la kutosha," akasema. "Leo akae ndani na mimi."