Chupa Ambayo Sikuigusa

Mimi ni mtu wa mazingaombwe nisiyependa kutazamwa. Najua ni kichekesho. Nikiwa na watu wanne mezani, vidole vyangu vinafanya kazi kama vya fundi saa. Akiongezeka wa tano, naanza kutoka jasho viganjani, karata zinateleza. Kwa hiyo sikupaswa kukubali kupanda mbele ya ukumbi wa arusi kule Kinanira, Bujumbura, nikapewa hata kipaza sauti ambacho sikujua nikishike vipi.

Ulikuwa mwaka wa vikwazo, nchi imefungiwa biashara na bidhaa ni adimu, vita viko milimani juu yetu, na arusi zilifungwa mchana ili watu wawahi nyumbani kabla ya saa ya kutotembea. Nilikuwa na mchezo mmoja mzuri: kizibo cha chupa kinaingia ndani ya chupa ya bia bila mtu kuona kilivyopita. Nikaomba chupa ya baba mkwe wa bwana arusi. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo ni langu peke yangu. Bujumbura bia hufunguliwa mbele ya macho ya mnywaji, na ikishafunguliwa haiguswi na mkono wa mtu mwingine. Kila mtu anajua. Nami nilijua, ila woga ulikuwa umenipofusha.

Kizibo kikaingia. Kabla watu hawajapiga makofi, mshereheshaji, bwana mmoja wa suti nyeupe na mdomo usio na breki, akaninyang'anya kile kipaza sauti.

"Muzee, iyo chupa usiikunywe! Uyu mutu ni mulozi!"

Mulozi ni mtu wa sumu. Ukumbi ukacheka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, maana yule mzee aliisukuma chupa kwa ncha ya kidole, taratibu, na meza zote nilizozipitia zikaacha kunywa. Wanaume wawili wakanisindikiza mlangoni kwa adabu kubwa sana. Afadhali wangenipiga.

Siku zile jina baya lilitosha kumtoa mtu kwake. Majirani waliacha kula kwetu. Mama mkwe wangu alikuja kutusalimia na chupa yake ya maji kwenye mkoba, akainywa mbele yangu. Na yule bwana wa suti nyeupe? Alikuwa anakisimulia kisa hicho katika kila arusi, watu wanashika mbavu. Alijua vizuri kwamba mimi si mulozi, alitaka kicheko tu. Nilimchukia kwa moyo wote. Padri aliniambia kisasi ni cha Bwana. Nikamjibu kwamba Bwana ana kazi nyingi, nitamsaidia.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mwenye buveti, baa ndogo, mtaa wa Mutanga Nord: meza tatu chini ya mabati, nyuma ya nyumba yake. Alinipa meza ya pembeni, viti vinne, hakuna kipaza sauti. Nilicheza karata na njiti za kiberiti, sikugusa kinywaji cha mtu. Wateja wapya wakinong'ona, yeye aliwakata kauli: "Uyu ni mutoto wangu. Haiko mulozi." Taratibu watu wakaanza kunifuata mimi, wakisogeza viti karibu ili waone. Nilikuwa nimepata mahali pangu duniani, na palikuwa na ukubwa wa meza moja.

Siku za mwizi ni arobaini. Jumamosi moja, saa nane mchana, suti nyeupe ikaingia, iko njiani kwenda arusini, ina kiu. Akaketi mezani kwangu, akaniita shemeji kwa utani.

"Bofrere! Ungali unafanya vile vitu vyako?"

Mama akamfungulia bia mbele yake. Akanywa nusu, akawasimulia wateja wawili tuliokaa nao kisa cha Kinanira huku ananipigapiga begani. Kisha akainuka kwenda chooni, akaiacha chupa wazi mbele yangu. Angekuwa anaogopa kidogo tu, angeimaliza kwanza.

Nikawapa wale wawili karata moja, nikawaambia waitazame vizuri, wasiinue macho. Nikasubiri. Aliporudi, alipokuwa hatua tatu tu kutoka mezani, niliurudisha mkono wangu kwenye paja, polepole, kama mkono uliomaliza kazi. Haukuwa umefika popote. Ulikuwa mchezo bora kuliko yote niliyowahi kufanya.

Akasimama. "Uligusa chupa yangu?"

Nikaanza kuzipanga njiti zangu za kiberiti. Akawauliza wale wawili. Wao walikuwa wameona karata tu.

Akacheka, kicheko kikakauka. "Basi onja, ndugu yangu. Onja kidogo tu."

Kwetu anayempa mtu kinywaji huonja kwanza, ili mwenzake aone hamna kifo ndani. Funda moja lingemaliza yote, tungecheka, nami ningebaki mtu mwema.

"Apana," nikasema. "Mi sina kiu."

Alikimbilia mtaroni, akatia vidole kooni. Alitapika mbele ya watu wote, kwenye suti, kwenye viatu, huku akimwita mama yake. Nilimtazama mpaka mwisho. Nilifurahi, sitadanganya. Hata leo nikiwa na siku mbaya namkumbuka ameinama pale na moyo unatulia.

Nilipogeuka, mama mwenye buveti alikuwa ameichukua ile chupa. Hakunifokea. Alikuwa akiniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka alikula nini mikononi mwangu.

"Miye nilikuwa naambia watu we haiko mulozi," akasema.

"Mama, lete nionje," nikasema. "Nionje mbele yako."

Alikuwa ameshaimwaga. Akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono kwa sabuni, mara mbili, na siku zile sabuni haikuwa kitu cha kuchezea.