Kanda Zilizong'olewa Meno

Nianze kwa kukiri kwamba aibu hii niliitengeneza mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa na akili timamu na shati lililopigwa pasi, ndiyo maana hadi leo nikifika Mpui kuna watu wanaoanza kucheka kabla sijawasalimia.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, bidhaa zikawa zinamiminika kutoka Tunduma, na pale sokoni Sumbawanga kila kibanda kina redio kubwa ya deki mbili inayochukua wimbo kutoka kanda hii na kuutia kwenye kanda ile wakati wewe unajaribu viatu vya mitumba. Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi, nimepanga chumba mtaa wa Chanji, na nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Kisalala wa Mpui, kiongozi wa kwaya na baba yake Agripina. Mzee alikuwa hajanijibu, maana alikuwa na hasira nyingine kwanza: kwaya yake iliimba kwenye harusi, mtu akairekodi, na siku mzee alipokwenda mjini akakuta wimbo wake unauzwa na kijana mmoja muuza kanda ambaye wala hakushtuka.

"Shikamoo mzee," kijana akamwambia. "Lakini wimbo ukishatoka kinywani ni kama moshi. Nani ataudai?"

Habari hiyo iliigawa Mpui. Wengine wakasema kijana ni mwizi tu. Wengine (hasa wale waliokuwa na kanda hiyo nyumbani) wakasema anaitangaza kwaya. Msukuma mmoja aliyehamia kule na mifugo yake akauliza swali lililomkosesha mzee usingizi: "Akiiba ng'ombe wangu, zizini panabaki pengo. Ninyi wimbo bado mnao. Sasa kimeibwa nini?"

Nilipokwenda kuwasalimia wakwe watarajiwa, mzee akanigeukia. "Mwalimu, sayansi inasemaje?"

Nilichukua kanda, nikamwonyesha vile vijino viwili vya plastiki mgongoni. Ukweli ni kwamba ukivivunja, hakuna anayeweza kurekodi kitu kingine juu ya kilichomo, basi, lakini kunakili wanaweza kunakili mpaka wachoke. Nilikuwa naanza kueleza hivyo hivyo, taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi, ila Agripina akaingia na chai, akasimama kusikiliza, na sentensi yangu ikatembea mbele kuliko ukweli.

"Baba, ukivunja hivi vijino, wimbo hautoki tena. Umefungwa."

"Umefungwa kabisa?"

"Kama kwa kufuli."

Mzee akapiga makofi taratibu, akamtazama mkewe, na mimi nikajua nimebakiza hatua ndogo tu niitwe mkwe.

Wakapanga kurekodi wimbo mpya kanisani, nami nilete redio yangu. Siku hiyo ilikuwa baridi ile ya Ufipa inayokufanya uzungumze huku umejikumbatia, na kanisa lilijaa, maana mavuno yalikuwa yameisha na kwenye kona palirundikwa magunia ya ulezi wa shukrani. Mzee akanitambulisha mbele ya wote: "Huyu ndiye mtaalamu aliyewanyoosha wezi." Nikainama kwa unyenyekevu (wa uongo). Nikatia kanda mpya niliyopewa na kwaya, wakavuta pumzi, nikabonyeza kitufe cha kurekodi.

Hakikushuka.

Nikabonyeza tena. Kigumu kama jiwe. Basi, badala ya kunyamaza na kuangalia, nikageukia watu nikaanza kufundisha. Nikawaeleza kwamba betri zikishikwa na baridi hulegea, tuzianike juani, wakatoka nazo, tukasubiri, zikarudi za moto, kitufe kigumu vile vile. Nikasema basi ni vumbi, nikaomba kisu cha mezani, nikafungua skrubu huku nikitaja jina la kila sehemu kwa faida ya vijana, na hapo springi ndogo ikaruka, ikapotelea chini ya mabenchi, na kanisa zima, pamoja na mama mkwe mtarajiwa, likapiga magoti kuitafuta. Haikuonekana.

Tukiwa bado chini, mama mmoja wa sauti ya pili akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, au ni kwa sababu hizi kanda tumeshazing'oa meno?"

"Zipi?"

"Zote. Tulikaa jana kwa Mzee tukang'oa kwa visu. Si ulisema?"

Kumbe walikuwa wamezifunga kabla hazijaingia kitu! Nami sikuwa nimewaambia kwamba kurekodi kunatangulia na kuvunja kunafuata, maana niliona ni jambo linalojulikana. Nikaomba plasta ya kidonda, nikabandika pale penye tundu, kitufe kikashuka kama mtoto mtiifu. Watu wakashangilia. Mzee peke yake hakushangilia.

"Mwalimu," akasema, "kama plasta inafungua, hata mwizi si anayo plasta?"

"Baba... mwizi wala haihitaji."

"Haihitaji?"

"Kunakili hakuzuiliwi na meno."

Nilimsikia Agripina akicheka kwa nyuma, na sikuthubutu kugeuka. Mzee akasema tu, "Tuimbe." Kwa kuwa springi ilipotea, kitufe kilikuwa hakikai chini bila kushikiliwa, kwa hiyo mtaalamu akapiga magoti kando ya magunia, kidole kwenye kitufe, wimbo mzima. Ubeti wa mwisho, vumbi la ulezi likanipanda puani. Nilijibana mpaka machozi yakatoka, kisha nikapiga chafya iliyoanza kama ng'ombe na kumalizikia kwenye filimbi, katikati kabisa ya "Amina". Kwa kicheko, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kurudia. Mzee alinisindikiza mpaka barabarani bila kutaja posa.

Haikuchukua muda yule kijana muuza kanda akawa anauza hata wimbo huo. Mzee akaja mjini na nusu ya kwaya, wakanipitia Chanji, wakaniburuta hadi sokoni.

"Kwaya zinazoimba wimbo huu ni nyingi, mzee wangu," kijana akasema. "Utathibitishaje ni wako?"

"Weka kanda," mzee akajibu. Ikafika Amina, chafya ikalipuka kibandani, watu wakajaa. Mzee akaninyooshea kidole. "Mwenye chafya huyu hapa. Mwalimu, piga."

"Baba, chafya haiji kwa kuitwa."

Bibi mmoja muuza tumbaku akaisaidia sayansi: akanipa ugoro. Mbele ya wanafunzi wangu na mkuu wangu wa shule aliyekuja kununua vitunguu, nikapiga chafya ile ile, ng'ombe hadi filimbi. Soko likalipuka.

"Poa, nimekubali," kijana akasema huku akijifuta machozi, akakusanya kanda zote akamkabidhi mzee. "Lakini huyu mshikaji umemtoa wapi?"

"Mshikaji wako nani?" mzee akafoka. "Mheshimu. Huyo ni mkwe wangu."

Ndivyo nilivyojibiwa posa, ugoro ukinichuruzika hadi kwenye shati. Wiki iliyofuata vibanda vingine vilikuwa vinauza wimbo huo huo, na wateja walisisitiza wapewe "ile yenye mwalimu". Tangu hapo, rafiki zangu, mtu akiniuliza sayansi inasemaje, namwambia asubiri nikasome kwanza. Na lile swali la Msukuma bado sijalipatia jibu.