Nilivyoombwa maoni ya muziki wa game, nikamsikia mtu ambaye hakutakiwa kuwemo

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Hili lilinitokea mimi mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Enzi hizo kompyuta za mtumba ndiyo zimeanza kujaa Arusha. Rafiki yangu Elirehema, fundi kompyuta pale Tengeru, akatengeneza game: unatembea peke yako msituni Mlima Meru, unatafuta njia ya kutokea. Muziki alipiga mwenyewe kwa kinanda cha kuazima kanisani.

Kulikuwa na shindano Nairobi na matumaini yake yote yalikuwa huko. Akanipa CD ya nyimbo sita.

"Wewe mtu wa kwaya, niambie ukweli, usinionee aibu."

Mimi naimba sauti ya tatu, na mdomo wangu hauna breki. Nikakubali faster.

Jumamosi mchana, nyumbani Sokon One, nikavaa headphone. Wimbo wa kwanza uko poa. Wa pili umezidi ngoma. Wa tatu ukaanza na mvua, halafu kinanda taratibu.

Chini ya ile mvua kuna mwanamke anaimba, mdomo kaufumba.

Anaimba mstari, ananyamaza. Mvua tu. Halafu anaingia tena, kinanda kimeshapita. Wakuu, mwili ulinisisimka mchana kweupe. Nilivua headphone nikaangalia nyuma yangu, na nyumba nzima nilikuwa peke yangu.

Nikajifanya mtaalamu, nikamtumia sms: "Namba tatu mtoe huyo mama. Anachelewa kuingia, halafu anatisha."

Jibu: "Mama gani?"

Nikadhani ananitania. Akapiga simu kabisa. Akasema pale hakuna mtu, ni kinanda na mvua aliyoirekodi barazani kwao kwa redio kaseti. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Kesho yake baada ya ibada nikaenda Tengeru na headphone zangu, maana yeye alikuwa anasikilizia vispika vya kompyuta ambavyo sauti za chini havitoi. Akavaa. Akasikiliza mpaka mwisho, akarudia, akarudia tena.

"Ni mama," akasema.

Mama yake tulimzika miaka mitatu nyuma, hata mimi niliimba msibani. Kwenye kwaya yetu alikuwa sauti ya pili. Wanakwaya wa zamani mnajua ilivyokuwa: unarekodi sehemu yako kwenye kaseti, unaisikiliza jikoni mpaka ikukae. Eli aliokota kaseti moja isiyo na jina pale nyumbani kwao, akarekodi mvua juu yake. Redio yenyewe mbovu, cha zamani haikifuti vizuri. Na hakukuwa na rekodi nyingine ya sauti ya huyo mama popote.

Akafungua kazi yake kwenye kompyuta, akazima kinanda, ikabaki mvua na mama yake. Bila kinanda nikautambua wimbo. Ni wetu, wa kwaya. Pale anaponyamaza ndipo sauti ya tatu inapoimba peke yake.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Mama alipofika pa kunyamaza, nikaimba mstari wangu polepole. Nilipomaliza tu, akaingia. Hajachelewa hata kidogo.

Eli alilia sana. Ubeti wa pili ukaanza, mama akaimba, akanyamaza kunisubiri, na mimi nimemshika Eli bega, sikuimba. Mstari wangu ukapita na mvua tupu.

Game aliituma bila wimbo namba tatu. Waamuzi wakamwandikia kwamba sehemu ya tatu ya msitu amesahau kuweka muziki, wakamkata.

Iliniuma, maana mimi ndiye niliyemwambia amtoe. Tangu siku hiyo nikiombwa maoni, nauliza kwanza hicho kitu kimetoka wapi, ndipo niseme kitolewe.

Nyie wenye kaseti za zamani makabatini, mmeshazisikiliza zote mpaka mwisho? Na ungekuwa wewe Eli, ungemwacha mama yako kwenye msitu ule, wageni wapite wakimsikia? Semeni, nasoma comment zote.